Kila Saa Nne

Tulikuwa wanne ile Jumapili, ukihesabu na aliyekuwa kwenye simu. Mimi. Binti yangu wa pili, amelala kitandani kwangu, maana saratani ilikuwa imefika mifupani na hospitali ilikuwa imetuambia turudi naye nyumbani. Jirani wa mlango wa pili hapa mtaani Kware, mama Mwislamu anayeuza vitambaa. Si wa damu yangu, lakini tumechota maji kwenye tangi moja miaka kumi na mmoja. Na sista wa simu, yule nesi wa wagonjwa wasiopona, anayepokea wakati ofisi yao imefungwa. Majina yao yote ninayo, hata la mtoto wa sista, aliyekuwa akiambiwa huko nyuma ya simu aache kuchezea maji. Sitayaandika. Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikashika majina, mambo mengine yakanipita.

Dawa ya maumivu ilikuwa ya maji, chungu, kwenye chupa ya kahawia. Kule kliniki waliniambia, "Mpe kila saa nne, usiruke." Nikasema sawa. Binti yangu alikuwa nje kwenye benchi, hakusikia. Basi nikawa nampa saa nne asubuhi na saa nne usiku. Sikuruka hata mara moja. Redio ikisema saa nne, bomba la kupimia liko mkononi.

Katikati alikuwa akiomba. Saa saba, saa nane.

"Mathe, hata kidogo."

Namwambia saa nne bado. Anauma pembe ya leso. Mimi naendelea kuchambua mchele. Mtu anaweza kuchambua mchele huku mtoto wake anauma leso, mimi nimefanya. Sikulia. Moyo ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaujua upo lakini huusikii.

Jumapili hiyo, saa tisa mchana, jirani aliingia na uji, akamtazama mgonjwa, akaniuliza, "Shosho, ile karatasi yenye namba ya simu iko wapi?"

"Leo ni Jumapili. Wamefunga."

"Hiyo namba ni ya wakati wamefunga."

Hilo sikuwa nalijua. Karatasi waliyonipa kliniki ilikuwa imekaa chini ya chupa muda huo wote.

Akapiga, akaiweka simu kwenye spika juu ya blanketi. Kanisa la ghorofa ya chini lilikuwa likiimba, tukafunga dirisha. Sista akatusalimia mmoja mmoja, akasema mgonjwa aonyeshe maumivu kwa vidole: ngumi ni hakuna, vitano ni yamezidi kabisa.

"Ametoa vitano," jirani akasema.

"Auntie, niazime mkono wako pia," binti yangu akasema. "Huu wangu hautoshi."

Sista akacheka kidogo. Akauliza choo, akauliza kutapika, akauliza usingizi. Kisha akaniuliza mimi, "Mama, dawa ya mwisho umempa saa ngapi?"

"Saa nne."

"Na kabla ya hiyo?"

"Saa nne."

Sista akataka kuhakikisha.

"Saa nne ya jana usiku?"

"Ndiyo. Kila saa nne, vile mlisema. Sijaruka."

Sista hakunigombeza. Heri angenigombeza. Akasema polepole, "Mama, ni kila baada ya saa nne. Ukimpa saa nne, unampa tena saa nane, halafu saa kumi na mbili, hivyo hivyo. Sisi ndio hatukukueleza vizuri. Sasa mpe kipimo kilekile, usiongeze kufidia zilizopita. Nitapiga baada ya saa moja."

"Baada ya saa moja," jirani akasema, "si saa moja jioni."

"Baada ya dakika sitini," sista akasema.

Nikapima, nikampa. Jirani akaenda kuswali, akarudi. Sista alipopiga, binti yangu alitoa vidole viwili na kusema angejaribu uji. Akanywa nusu kikombe. Akanigeukia.

"Mathe, zilikuwa siku ngapi?"

"Mbili," nikasema.

Akanitazama. Akasema, "Si mbaya," akalala.

Hakuniuliza tena mpaka alipotutoka, na kutoka siku ile hakukosa dawa yake. Mimi nikihesabu tangu tuliporudi kutoka kliniki mpaka Jumapili ile napata siku tisa. Jirani anasema sita, na najua ana huruma. Nimeandika tisa. Wewe unayesoma, kama ulikuwa ukipanda ngazi za jengo letu siku zile, na unakumbuka ni lini tulimbeba kumrudisha nyumbani, niambie kama nimekosea, hata kama zilikuwa zaidi.