Barua za Mama Bahati Zilizolala Kwenye Taka

Siku ile niliyokwenda mtaa wa Ruti, mjini Mbarara, bado iko mbele ya macho yangu, mwanangu, ijapokuwa mvi zimeshanila kichwa. Wewe umekuja na simu yako, unalalamika kwamba umewaandikia watu imeli na hakuna anayejibu, na tayari umeanza kuwatukana kwamba wana kiburi. Keti kwanza. Mimi nami niliwahi kumsingizia mtu asiyejibu, na mpaka leo nikikumbuka nasikia aibu inanipanda shingoni.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, hapa hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kijiji cha Misiera. Nilikuwa na kompyuta moja, modemu na betri ya sola, na juu ya mlango nilikuwa nimeandika kwa rangi nyekundu: BIRO YA BARUA, yaani ofisi. Loo, nilivyojiona! Watu walikuja na shida zao, mimi nikawaandikia maombi ya msaada. Kwa kweli nilikuwa na barua moja tu. Nabadilisha jina la juu na jina la chini, basi; machozi ya katikati ni yale yale. Anwani niliziokota popote, kwenye mabango, kwenye magazeti ya kufungia maandazi, zikapita mia tatu, na kila barua niliituma kwa wote kwa mkupuo, kutoka sanduku langu lile lile. Juu naweka herufi kubwa tupu: MSAADA WA HARAKA, na alama tatu za mshangao. Nilidhani mtu wa mbali hasikii mpaka upige kelele. Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma, lakini mimi ndiye niliyekuwa debe, ningesikiaje?

Basi akaja Mama Bahati, mama wa kanisa letu, mtu wa Kivu ya Kusini kama mimi. Alipotezana na mwanawe Bahati katika mbio za vita, mtoto akiwa na miaka kumi na moja. Sasa msafiri mmoja alikuwa amemletea habari ambayo ilibidi irudiwe mara tatu ndipo aiamini: Bahati yuko hai, ni mwanaume mzima, anaishi nchi ya baridi, na imeli yake ni hii. Karatasi yenye imeli hiyo alikuwa ameifunga kwenye pindo la kitenge. Akaifungua mbele yangu.

"Umwambie tu, mimi mama yake niko," alisema. "Mambo ingine atauliza yeye mwenyewe."

Maneno machache hivyo. Lakini mimi fundi, ningekubali? Nikaandika kwa Kiingereza kizito: HABARI YA HARAKA!!! MAMA YAKO ALIYEPOTEA AMEPATIKANA. Nikamwomba na namba ya simu na picha ya kitambulisho. Nikabonyeza.

"Imefika?"

"Imeshafika, Mama."

Ee Mungu wangu, nilisema hivyo bila hata kupepesa jicho.

Kila Alhamisi, akitoka kuuza mboga, alipita kwangu. "Mutoto amejibu?" Bado, Mama. Natuma nyingine, kwa kelele zaidi. Ikapita miezi mitatu, barua kumi na moja. Mwisho nikachoka kuulizwa, nikatamka maneno ambayo ningeweza ningeyameza tena: "Mama, hao wakifika kule wanabadilika. Labda hataki kujulikana na watu wa kambi."

Hakulia. Aliifunga karatasi yake akaondoka. Jumapili, baada ya ibada, akasimama katikati ya wamama wenzake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Tangu leo musiniite tena Mama Bahati. Niko na jina yangu, Esteri." Nilikuwa mlangoni na kitabu cha nyimbo mkononi. Nilitamani ardhi inimeze.

Wiki ile nikapanda gari mpaka Mbarara, kule Ruti, kwa mama mmoja Mnyankole aitwaye Kyomugisha. Alikuwa na duka la kuchapa na intaneti, na ndiye aliyenifundisha kompyuta. Mama yule alikuwa na maneno machache, na hayo machache yalikuwa na miiba. Nikamweleza yote.

"Tuma kwangu barua moja," akasema. "Sasa hivi. Mimi nakaa hapa."

Nikatuma. Tukasubiri. Sandukuni mwake hakikuingia kitu. Nikasema mtandao leo ni mbaya. Alishusha kidole kwenye skrini mpaka mahali ambapo mimi sikuwahi kufungua hata siku moja, mahali pa barua taka, wanapopaita spam, akafungua. Barua yangu ilikuwa imelala pale, katikati ya matapeli wanaogawa urithi wa wafalme na wanaouza dawa za nguvu za kiume.

Mwanangu, nywele zilinisimama! Tulikuwa tumekaa meza moja, mimi na yeye, hata mkono ungefika, lakini barua yangu ilikuwa imekamatwa njiani na mtu asiyeonekana, ikapelekwa jaani. Nikauliza, "Mashine imenijuaje? Haijawahi kuniona!"

"Haitaki sura yako, ssebo, bwana wangu. Inajua tabia. Watu mia tatu, nani alikuambia andikia mimi? Hakuna. Basi wanabonyeza, hii taka, hii taka. Leo mmoja, kesho hamsini. Mashini inaweka jina yako kwa watu wabaya. Sasa hata ukileta neno ya Mungu, itatupa kule."

Nilikuwa nimezoea kuogopa polisi na makarani wa ofisi. Kumbe kuna bawabu mwingine asiyelala, asiyeuliza kabila wala nchi, anayempima mtu kwa jinsi alivyowatendea wengine. Sijaacha kushangaa mpaka leo. Nilijisikia mdogo sana kwenye kile kiti.

Akanigeukia. "Na wewe ulimwambia mama ya mtu eti mtoto hamtaki? Banange, jamani! Wewe mwenyewe ulifunga njia, halafu unasema mtoto?"

Akavuta kiti kingine karibu na kompyuta.

"Mlete hapa. Barua yako iache."

Kumwambia Mama Bahati kwamba kosa lilikuwa langu ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya pale biro. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia, akasema, "Basi twende." Tukaenda.

Kyomugisha alikubali barua itoke katika sanduku lake yeye, alilolitunza miaka mingi kwa kuwaandikia wanaomjua tu. Alijua anaweka jina lake rehani kwa ajili ya mtu asiyemfahamu. Akamwambia mama aseme, naye akachapa kwa Kiswahili chake vile vile bila kukigusa. Juu aliandika: Mama ya Bahati, niko Nakivale. Chini: "Bahati, ni mimi mama yako. Unakumbuka ile mbuzi ulimupatia jina ya mwalimu sababu alikuwa anakupiga fimbo? Tulicheka sana. Niko muzima. Kama ni wewe, ujibu." Hakuna picha, hakuna herufi za kelele.

Kesho yake asubuhi, tukiwa tumesharudi Nakivale, simu yangu ikalia, Mama Bahati akiwa amekaa pale pale biro. Kyomugisha akatusomea, na sauti yake ile kavu ilikuwa inakatika: "Mama. Ile mbuzi ilikuwa inaitwa Mwalimu Kalinga. Mama, miaka hii yote nilikuwa nasema umekufa."

Mama Bahati alipiga magoti kwenye vumbi la biro yangu. Na mimi nilikuwa nalia kama mtoto, maana dunia ni kubwa jamani, na mistari michache ilikuwa imeivuka usiku mmoja na kumkuta mtu yule yule.

Baadaye tulimwomba Bahati atazame kwenye taka zake. Alikuta barua nne. Saba zilikuwa zimeshafagiliwa, maana taka zile hazikai zaidi ya mwezi. Akacheka kwenye simu, akasema, "Hata ningeziona, ningezitupa. Mama yangu hasemi vile."

Kwa hiyo, mwanangu, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Usimwandikie asiyekuruhusu, na anayekuambia basi, acha siku hiyo hiyo. Andika jina lako la kweli, kwa mtu mmoja, kwa sauti yako ya kila siku, na anwani zilizokufa, zisizopokea barua tena, uzifute. Umwambie unayemtumia akague na taka zake, na akikukuta huko akutoe, ili yule bawabu ajifunze kwamba wewe si mwizi. Jina jema hung'aa gizani, lakini hulijengi siku ile unayolihitaji. Na mtu akikunyamazia, usimhukumu mbele ya mama yake. Chunguza kwanza njia uliyoichafua wewe.

Nenda mwanangu, Mungu akuongoze mikono unapoandika. Na siku utakapokuwa na neno moja tu la kumfikia mtu mmoja tu, akujalie likute mlango wazi.