Oliva, mchapaji wa Majengo aliyepiga vigelegele msibani

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Majengo mjini Songea umeshachangamka kwelikweli. Upande wa kulia mashine ya kusaga inanguruma. Upande wa kushoto fundi wa mageti anakata vyuma, cheche zinaruka mpaka barabarani. Ng'ambo duka la simu limetoa spika mlangoni, linatangaza ofa ambayo tangu wiki iliyopita inaisha "leo leo".

Katikati ya vurugu hizo, mwanamke mmoja ameketi dirishani, ametulia tuli. Amevaa hedifoni kubwa nyeusi, macho kwenye kompyuta, vidole vinakimbia.

Mara kipande cha kitenge kilichoning'inia mbele ya uso wake kinaanza kurukaruka. Anavua hedifoni haraka na kuchungulia nje.

"Abee, Bibi! Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu. Maharage yako yanaungua," anajibu bibi aliyesimama nje ya dirisha, mkononi kashika ncha ya kamba.

Mwenye hedifoni anatoka mbio kwenda jikoni. Maharage yananusurika, ila harufu yake tunaishi nayo mpaka adhuhuri.

Huyo ndiye Oliva Mgaya, mwenye umri wa miaka 36, mama wa watoto wawili. Majirani humwita Mama Fideli kwa jina la mwanawe wa kwanza, Fidelisi. Kazi yake ni kusikiliza sauti zilizorekodiwa, iwe mikutano ya wakulima au mahojiano ya redio, na kuziandika neno kwa neno. Kampuni moja ya Dar es Salaam humtumia sauti kwa mtandao, naye huzirudisha zikiwa maandishi.

"Mwezi ukiwa mzuri napata kama laki nne na nusu. Kwa mtu aliyekuwa anachapa barua za watu kwa laki moja na ishirini, we acha tu," anasema huku akicheka.

Barua hizo alizichapa miaka tisa katika duka la vifaa vya ofisi hapo hapo Majengo. Duka lilipofungwa, akabaki nyumbani na kompyuta kuukuu aliyopewa na mwenye duka badala ya mshahara wa mwisho. Rafiki yake mmoja akamwambia habari za kampuni ya Dar. Sharti lilikuwa kufaulu jaribio, na jaribio hufanywa mara tatu tu.

Oliva alifeli la kwanza. Akafeli la pili.

"Si kwamba sijui kuandika," anasema, na bado hasira inamsikika. "Mzee wa watu kwenye rekodi anaongea taratibu, anafika penye neno lenyewe, mashine inanguruma. Narudisha nyuma, fundi anakata chuma. Narudisha tena, dukani wanatangaza ofa!"

Alijaribu kila alichoweza. Aliziba masikio kwa pamba, akatundika blanketi dirishani, akaenda kukaa nyuma ya choo cha uani akijifunika kanga. Huko kuku wa jirani walimfuata, na kila mpangaji aliyepita alimuuliza kama anaumwa tumbo.

Jaribio la tatu lilipobaki, aliuza magunia matatu ya mahindi na kuagiza hedifoni zinazozuia kelele. Ndani yake mna kifaa kinachosikiliza kelele za nje na kuzifuta kabla hazijafika sikioni. Siku ya kwanza kuzivaa alidhani umeme umekatika mtaa mzima.

"Nilizivua, kelele zile pale. Nikavaa, kimya. Nikavua, nikavaa. Nilifanya hivyo kama mtoto mpaka nikaanza kulia. Sikujua kichwa changu kinaweza kutulia namna ile."

Akakaa, akafunga pazia, akaanza jaribio la mwisho. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Nyumba anayopanga Oliva ni ya vyumba sita vinavyozunguka ua mmoja. Mwenye nyumba ni Mzee Chande, mfanyabiashara wa nafaka. Katika chumba kinachotazamana na cha Oliva anakaa Dorine Ngonyani, muuza vitenge, na kwa miaka mingi wawili hao walikuwa chanda na pete. Wakipika, sahani inavuka ua.

Mchana ule Dorine alipigiwa simu kutoka Lusewa, wilayani Namtumbo, akaambiwa mama yake amefariki. Alianguka pale pale uani akipiga mayowe. Wapangaji walitoka. Majirani wa nyumba za pili wakaja, mikeka ikatandikwa, wanaume wakaleta mabenchi. Ua ukajaa watu wanaolia.

Oliva alikuwa nyuma ya pazia, hatua chache kutoka hapo, akiandika maneno ya mkutano wa wakulima. Hakusikia hata kikohozi.

Jioni majibu yakaingia kwenye simu. Amefaulu, ameajiriwa. Akaruka kutoka kitini, hedifoni zingali masikioni, akasukuma mlango na kutokea uani akipiga vigelegele kwa nguvu zote, mikono juu, anacheza.

Watu wote wakamgeukia.

"Niliona ule umati nikadhani wameshajua habari zangu, wamekuja kunipongeza," anasema Oliva. Hacheki anapofika hapa. "Eti nikasema, 'Jamani, nani kawaambia?' Halafu nikamwona Dorine yuko chini, kanga kichwani, ananitazama. Mungu wangu. Nilitamani ardhi ipasuke."

Aliyemwondoa pale ni Bibi Kunegunda, mpangaji mkubwa kwa umri kuliko wote, yule yule wa maharage. Alimshika mkono akamrudisha chumbani. "Kaa humu, mwanangu," alimwambia. "Leo usitoke."

Asubuhi gari la kwenda Lusewa likawa tayari kuondoka. Oliva alipofika mlangoni na mkoba wake aliambiwa limejaa, na yeye kwa macho yake aliona viti viwili viko wazi. Hakubishana. Alipiga simu Dar akasema yuko msibani, kazi ya kwanza ataianza akirudi, wakamkubalia. Kisha akanunua sembe, akapanda basi peke yake.

Lusewa alizika pamoja na watu, lakini alikuwa kama hayupo. Jikoni akina mama walisogeleana, nafasi ya kukaa ikakosekana. Akachukua masufuria machafu akayapeleka kando, akasugua. Siku ya pili akasugua tena. Dorine hakumwambia neno.

"Nilikuwa nawaza, kazi nimeipata ndiyo, lakini nitaishije pale uani? Mtoto wangu akiugua ghafla nitamwita nani? Ningerudisha hizo hedifoni kama kungekuwa na wa kumrudishia. Lakini bila hizo, kazi hakuna. Nilikuwa nimekwama."

Siku ya kuanua matanga, baba mkubwa wa Dorine, Mzee Hironimus Ngonyani, alimwona yule mwanamke wa masufuria akauliza ni nani. Wakamwambia ndiye yule wa vigelegele. Uso wa mzee ukakunjamana.

"Mtu wa wapi?"

"Njombe, Mzee. Mbena," wakamjibu.

Hapo, wanasimulia wote waliokuwepo, mzee alipiga kofi kwenye goti lake.

"Mbena! Sasa mbona mmemkalisha na masufuria? Huyu si mtani wetu? Kamwene, we Mbena! Umechelewa! Kwenu ulanzi umeisha ndiyo mnakumbuka misiba ya Wangoni?"

Kwa asiyejua, kamwene ni salamu ya Wabena na ulanzi ni pombe yao ya mianzi. Wangoni na Wabena walipigana zamani, na vita ile ilipokwisha ikazaa utani. Mtani ana ruhusa ambayo wengine hawana. Msibani anaweza kucheka, kuzomea, hata kumwigiza marehemu, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Oliva aliujua utani huo tangu utotoni. Ila kwa zile siku tatu aibu ilikuwa imemfunga mdomo.

Sasa mdomo ukafunguka.

"Sijachelewa, Mzee," akajibu, mikono bado ina masizi. "Nilikuwa nahesabu ng'ombe wa babu yangu mliowaiba. Nimekuja kudai ndama wao."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Wakamvika kitenge cha marehemu, wakamwagiza amwigize. Tatizo likawa moja, kwamba Oliva hakuwahi kumwona mama huyo hata siku moja. Akatembea kwa kubahatisha, akichechemea na fimbo.

"Siyo hivyo!" ikasikika sauti ya Dorine. Ndiyo mara ya kwanza alikuwa akimsemesha. "Mama hakuwa na fimbo. Alikuwa anashika kiuno, hivi. Halafu anatembea kama kila njia aliichonga yeye."

Oliva akajaribu. Akakosea. Dorine akainuka mkekani, akashika kiuno, akatembea mwenyewe kutoka jikoni mpaka kwenye ngazi, Oliva nyuma yake akifuatisha. Walipofika kwenye ngazi Dorine alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka.

"Nilimkasirikia sana Mama Fideli, siwezi kusema uongo," Dorine anamwambia mwandishi wa makala haya. "Lakini siku ile alinirudishia mama yangu kidogo. Nilimwona anatembea."

Walirudi Songea kwenye gari moja. Lakini kusamehewa hakukumaliza tatizo lenyewe, kwa sababu kesho yake Oliva alipaswa kuvaa hedifoni tena. Mzee Chande akaitisha kikao cha wapangaji.

Wengine walisema azivae nusu siku. Wengine walisema ni maringo tu, mbona wao wanaishi na kelele hizo hizo? Bibi Kunegunda akasema lete hivyo vidude nivione. Wakamvika.

Bibi akatulia. Akatazama upande wa mashine ya kusaga, akatazama upande wa fundi.

"WAMEZIMA?" akauliza kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Wakamwashiria kwamba hapana, vyote vinafanya kazi. Bibi alinyanyua hedifoni kidogo, akazirudisha, akafumba macho.

"NINYI, MBONA MNANONG'ONA? SEMENI!"

Kikao kikavurugika kwa vicheko. Walipotaka kumvua, aliwapiga mikono. Alipokubali hatimaye, alisema jambo moja tu, kwamba ana miaka sabini na hajawahi kupumzika namna ile, na yeyote atakayesema ni maringo azivae kwanza.

Wazo la kamba lilitoka kwa Dorine. Alileta kamba ya manila na kipande cha kitenge kutoka kwenye biashara yake, wakaipitisha dirishani na kuning'iniza kitenge juu ya kompyuta. Mwenye shida anavuta. Wakakubaliana na namna ya kuvuta: polepole ni salamu au maharage, kwa nguvu ni jambo la kukimbilia.

Imekuwa hivyo kwa miaka miwili sasa, na kamba imeshavutwa kwa mengi. Imevutwa mtoto wa jirani alipozidiwa, imevutwa nguo zilipoanikwa na mvua ikaja. Mwaka jana chama chao cha kuzikana kilimchagua Oliva kuwa katibu. Ndiyo, huyo huyo. Msiba ukitokea Majengo, anayeandika tangazo na kulisambaza kwenye simu za wanachama ni Mama Fideli.

Mapema mwaka huu chumba cha mbele cha nyumba hiyo kilibaki wazi. Akatokea mtu anataka kufungua kibanda umiza, aonyeshe mpira na filamu kwa spika kubwa kutoka asubuhi. Kodi aliyotaja ilikuwa nono. Oliva naye alikuwa amekiomba chumba hicho, awafundishe wanawake wengine kazi yake, lakini hakuweza kufikia dau hilo.

Mzee Chande anakiri alipata kigugumizi. "Biashara ni biashara, mwanangu. Nikasema Alhamdulillah, riziki imebisha hodi. Lakini nikaona niwaulize kwanza wapangaji wangu."

Dorine ndiye aliyesimama. Alisema chumba apewe Mama Fideli, na kodi ikipungua, kila mpangaji ataongeza kidogo kwa miezi sita mpaka kazi isimame. Wapangaji wote wakanyoosha mikono. Bibi Kunegunda alinyoosha miwili.

"Nilinunua hizi hedifoni ili nisiwasikie watu hawa," anasema Oliva. "Siku ile walinisemea wao, mimi nimekaa pale. Nililia tu."

Chumba sasa kinapakwa rangi ya maziwa. Meza nne zimeshafika. Dorine, mwanafunzi wa kwanza, amefaulu jaribio lake kwa mara ya kwanza tu, na hachoki kumkumbusha mwalimu wake jambo hilo. Wanawake wengine watatu wataanza mafunzo wiki ijayo.

Oliva pia ana kiwanja Ruhuwiko, alichonunua kwa jasho lake, mahali palipotulia ambapo asubuhi unasikia ndege tu. Mwandishi wa makala haya akamuuliza, basi lini atahamia huko apumzike na makelele ya Majengo?

Oliva akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu.

"Kule nitajenga, nitapangisha wanaopenda kimya," akasema. "Mimi nitakufa hapa hapa, na siku hiyo sitaki mtu anyamaze."