Pembea Iliyohamia Kusini

Zamu ya mdogo wangu wa kike ilipofika, alirudi nyuma.

Tulikuwa Mnazi Mmoja, jioni ya Idi tatu, mbele ya pembea ya masanduku, ile kubwa inayozunguka kwenda juu. Mwenye pembea alikuwa ameshamfungulia kijimlango. Mdogo wangu alilitazama sanduku lile tupu likiyumba, akatazama juu, kisha akamwachia nafasi mtoto wa nyuma yake.

"Mwakani," aliniambia, kama alivyoniambia mwaka uliopita na mwaka wa kabla yake. Lakini sote wawili tulijua kwamba mwakani haipo.

Mama alikwishakata shauri. Sikukuu ikipita, binti yake atavaa buibui. Mambo yenyewe, mimi mwanamume, hakuna aliyeniambia. Niliyaona tu katika nyumba: shangazi kuja mara kwa mara na kuzungumza na mama kwa sauti ya chini, kitambaa cheusi kupelekwa kwa fundi, mdogo wangu kutotumwa tena dukani. Lilikuwa neno la shangazi kwamba buibui livaliwe kabla ya Ramadhani, na mama ndiye aliyemzuia. "Mwacheni mtoto ale sikukuu yake," alisema. Basi ile ikawa ndiyo sikukuu yake. Mwanamke mwenye buibui hapandi pembea. Akienda Mnazi Mmoja huwa amepeleka watoto, naye husimama pembeni kuwashikia viatu.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu bara, na nikingoja kupangiwa kazi. Nina tabia ya kulipima neno mpaka likanikaukia mdomoni. Usomi wangu haukuniponya tabia hiyo. Umenipa tu mizani zaidi. Kwa hiyo tulipokuwa tunarudi nyumbani, na mdogo wangu akaniambia kwamba amemsikia mwenye pembea akisema usiku anaivunja na kuihamishia Kizimkazi kwa sikukuu ya siku ya nne, sikumjibu.

"Kizimkazi ndiko kwa mama mkubwa," alisema.

"Najua."

"Basi mwombee mama ruhusa. Mimi atanikatalia."

"Utapanda kweli? Leo umeikimbia."

"Leo nilidhani nikiiacha haitaniuma," alisema.

Maneno hayo niliyabeba hadi asubuhi. Nilifikiria mvua, maana masika yalikuwa yanakaribia na njia ya kusini inajulikana. Nilifikiria gari kuharibika na sisi kukwama huko. Nilizifikiria zile parafujo za masanduku, zinazofunguliwa na kufungwa tena kwa haraka katika uwanja usio tambarare. Nikafikiria pia kwamba kumwongezea siku moja ni kumwongezea uchungu: mtu anayeonjeshwa kitu mara ya mwisho huenda akakitamani zaidi ya ambaye hakuonja kabisa. Kisha nikaona kwamba fikra hiyo ya mwisho inanifaa mimi zaidi kuliko yeye, kwa sababu ilikuwa inanipa ruhusa ya kukaa kimya.

Mama alikuwa jikoni anachoma mandazi, shangazi, dada wa marehemu baba, amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akinywa chai.

"Mama," nilisema, "mama mkubwa hatujampa mkono wa Idi."

Mama hakuinua macho. "Tangu lini weye ukamkumbuka mama yako mkubwa?"

"Mwulize huyo mkumbukaji," shangazi alisema, "anataka kwenda kumpa mkono yeye na nani."

"Na mdogo wangu."

Mama aliligeuza andazi, akaligeuza tena lilipokuwa. "Siku tatu za sikukuu keshazila. Hazikumtosha?"

"Kuna pembea ambayo hakuipanda."

Sikukusudia kusema hivyo. Nilikuwa nimepanga kufika hapo kwa njia ndefu. Mama akaniangalia sasa, na nikaona kwamba hakukasirika. Aliogopa.

"Nshawaambia watu," alisema. "Nshamwambia fundi, nshawaambia majirani. Leo nimpandishe gari la shamba, miguu nje, aende kiwanjani, watu waseme nini? Ati mama yake anajua, na bado anamwacha arande?"

"Lakini umesema mwenyewe ale sikukuu yake, na leo bado ni sikukuu."

"Usinisomeshe, mwanangu. Huku si chuo."

Shangazi akaweka kikombe chini. "Hebu wifi, neno dogo hili. Si avae buibui langu njiani? Akifika kwa dada yako alivue. Kizimkazi nani anamjua? Atapanda mapembea yake, akitaka kurudi alivae tena, arudi. Pana nini?"

Mama aliyatoa mandazi yote kwenye mafuta. "Warudi kabla ya magharibi," alisema hatimaye.

Nilifurahi. Nilikuwa nimefikiria mvua na parafujo, hili la buibui sikulifikiria, na lilipotajwa niliona limemaliza kila kitu. Wote tuliliona hivyo. Mdogo wangu alivaa gauni lake la Idi la marinda, lile ambalo upindo wake ulifunguliwa ili lirefuke na mkunjo wa zamani ukabaki unaonekana kama mstari juu ya magoti. Juu yake shangazi akamvisha buibui la kamba, akamfunga ile kamba kichwani, akaukunja urefu uliozidi.

"Usiliburure. Na usitembee kama unakimbilia ubuyu. Tembea kama una watoto sita nyumbani."

Mdogo wangu alicheka sana. Kisha akajiona kwenye kioo cha kabati, akaacha.

Kichochoroni kwetu palikuwa na baraza ambapo wazee wa mtaa walikaa asubuhi wakicheza bao. Jana yake tu walimzuia njia, wakamtaka awagaie kashata ndipo apite. Tulipokaribia waliikunja miguu yao wote kwa pamoja, wakainamisha macho kwenye bao. Mdogo wangu alipita, nami nyuma yake, na tulipopinda kona aliniuliza, "Hawakunijua?"

"Wamekujua," nilisema.

Garini utingo aliwasimamisha vijana wawili ili, kwa maneno yake, bi huyu akae.

Mama mkubwa alitupokea mlangoni akiwa na kanga mbili na unga wa ngano mikononi. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Na huyu nani uliyenijia naye? Usiniambie umeoa huko bara."

"Mimi, mama mkubwa," mdogo wangu alisema ndani ya buibui.

"Lo. Nani kakufunika hivyo na jua hili? Vua, vua."

Akalivua, likatundikwa msumarini, na pumzi ikanishuka. Tulikula bokoboko. Mjukuu wa mama mkubwa, mtoto wa kike ambaye hata kusema hajawa hodari, alimganda mdogo wangu akiyachezea marinda yake. Baada ya sala ya alasiri tulianza kusikia vigoma na filimbi kutoka kiwanjani, na juu ya makuti ya nyumba za mbele tukaliona sanduku moja la pembea likipanda, likasimama, likashuka. Mdogo wangu aliliangalia bila kupepesa.

"Napanda la kwanza nikifika," alisema. "Msinisemeshe njiani."

Tulitoka. Mama mkubwa alitangulia, mjukuu wake mkononi mwangu, mdogo wangu kati yetu na gauni lake. Hatujaimaliza hata nyumba ya jirani tulipoitwa.

Alikuwa ni mwanamke wa mtaani kwetu mjini, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilikuwa nimesahau kwamba mumewe ni wa huku na kila sikukuu huja ukweni. Yeye hakusahau chochote.

"Asubuhi nimekuona kutoka dirishani unatoka kwenu," alimwambia mdogo wangu, akamshika bega kwa upendo wa kweli. "Nikasema alhamdulillahi, mwari wetu keshavaa. Nikasema leo leo nikirudi nikampe mama yako hongera." Akamtazama kutoka kichwani hadi kwenye ule mstari wa upindo, polepole. "Kwani buibui lako liko wapi, mwanangu?"

Mama mkubwa akadakia. "Liko ndani kwangu. Huku shamba, bibi, joto."

"Joto lipo na mjini pia."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Ningeweza kusema kwamba sikukuu haijesha, kwamba lile lilikuwa buibui la kuazima la njiani, kwamba kuvaa hasa ni kesho. Kila moja lilikuwa kweli, na kila moja nililigeuza nikaliona upande wa pili: lingefika mtaani kabla yetu, na likifika lingekuwa na sura nyingine. Msichana aliyevaa hadharani kisha akavua haelezwi kwa maneno ya kaka yake. Mama angekaa na jambo hilo mlangoni kwake miaka. Nilimtazama mdogo wangu nikidhani atanitazama.

Hakunitazama. Alirudi ndani, na alipotoka kamba ilikuwa imefungwa kichwani, vizuri kuliko alivyoifunga shangazi.

"Ee," jirani alisema. "Sasa twende."

Akaenda nasi.

Kiwanjani watoto walikuwa wengi, na mwenye pembea alikuwa yule yule wa Mnazi Mmoja, na shati lile lile. Vijana wake wawili walikuwa wakining'inia kwenye mbao ili kuizungusha. Mdogo wangu alisimama kwenye foleni, mweusi peke yake katikati ya magauni mekundu na ya manjano. Kila foleni iliposogea nilihesabu moyoni sababu za kutokea balaa, na kwa mara ya kwanza sikuweza kuipata hata moja katika parafujo.

Zamu ikafika. Safari hii hakurudi nyuma. Mwenye pembea ndiye aliyeweka mkono mlangoni.

"Bi, masanduku haya ya watoto."

Nadhani ilikuwa mara ya pili tu katika maisha yake kwa mtu kumwita Bi, na zote siku ile.

"Huyu ni mdogo wangu," nilisema. "Jana tu, Mnazi Mmoja, ulimfungulia mlango."

Akamwangalia. Hakumjua kabisa. "Kaka, nimekuamini. Lakini mdogo wako mkubwa."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Jirani yetu naye akacheka, kisha akasema kwa upole, "Mwari, njoo tusimame huku kivulini." Kutoka barabarani gari la mjini lilipiga honi ya kwanza. Foleni ilianza kunung'unika. Mdogo wangu alikuwa ameshika ukingo wa lile sanduku, na vidole vyake havikuachia.

Kisha akanigeukia. "Nipe huyo," alisema.

Sikumwelewa. Akaninyang'anya mkono wa mjukuu wa mama mkubwa, akambeba kiunoni.

"Nimemleta mtoto," alimwambia mwenye pembea. "Mdogo, hawezi kupanda peke yake."

Mwenye pembea hakusita hata kidogo. Kijimlango kikafunguliwa. "Mpakate vizuri, mama," alisema. "Usimwachie asimame."

Nikatazama upande wa jirani. Alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyeona jambo likifanywa inavyopaswa.

Sanduku likapanda. Lilisimama robo, wengine wakaingia, likapanda tena, na likasimama juu kabisa. Kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imemzunguka mtoto, mdogo wangu alikuwa ameushika upindo wa buibui kwa meno ili upepo usilifunue. Kutoka juu pale nadhani aliiona pwani yote na paa la msikiti wa kale. Sijui. Uso wake ulielekea huko, na sikuweza kuusoma. Watoto katika masanduku mengine walipiga mayowe, kama watoto wanavyopaswa, hata kabla pembea haijaanza kuzunguka hasa.

Ilipoanza kuzunguka, mtoto aliyepakatwa akalia. Alilia kilio cha kweli, cha kukauka pumzi. Wanawake waliokuwa chini wakapaza sauti, "Mshusheni, mtoto kaogopa!" Mwenye pembea akawazuia vijana wake, akainua kichwa kumwuliza mdogo wangu kama washushe au waendelee. Sanduku lao lilikuwa ndio kwanza limeanza kupanda mara ya pili.

Aliutoa upindo mdomoni. "Mshusheni," alisema. "Kaogopa."

Gari lilipiga honi ya pili tulipokuwa tunamkabidhi mama mkubwa mjukuu wake, aliyekwishanyamaza na kudai ubuyu. Tuliagana mbio mbio. Garini nilikaa karibu na mdogo wangu, na tulipoipita Tunguu nikapata ujasiri wa kumwuliza.

"Ulifika juu?"

"Nlifika."

"Uliogopa?"

"Sikupata nafasi," alisema.

Tulifika nyumbani adhana ya magharibi haijatoka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, shangazi nyuma yake, na nikajua kwa jinsi alivyosimama kwamba alisimama hapo muda mrefu. Kwanza alipitisha macho kichochoroni, barazani, kwenye dirisha la jirani. Halafu akamtazama binti yake, ambaye hakuwa na haraka ya kuifungua ile kamba.

"Haya," mama alisema. "Pembea ilikuwaje?"

"Nzuri, mama," alijibu. "Watoto wamefurahi."