Aliyewapa Wafu Sababu ya Kupigana

Habari za kifo chake nilizipata sokoni, asubuhi ya Jumanne, kwa mama anayeniuzia dagaa. Alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, mikono mapajani, wateja wanapita wala yeye hawaoni. Nilipomsalimu hakuitikia. Akaniuliza, "Mwalimu, umesikia? Yule baba wa vitabu vya Wa Baridi na Wa Joto amefariki jana." Kisha akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, mbele za watu, bila aibu. Ninyi mnaonisoma kila Jumapili mmenizoea kama mtu anayejaribu kusema kweli, basi leo niseme na hii: kabla ya huzuni, nilichokisikia kifuani ni wivu. Mama yule ana gazeti lenye safu yangu kila wiki, nalijua, maana ndilo analofungia dagaa. Kwa miaka yote hiyo sijawahi kuona chozi lake likianguka juu ya gazeti hilo.

Marehemu alikuwa bwana mifugo. Sehemu kubwa ya utumishi wake aliimaliza Mtowisa, kule bondeni, akichanja ng'ombe wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia pande za Ziwa Rukwa. Kila baada ya majuma machache alipanda mlima kwa pikipiki kuja Sumbawanga kuchukua dawa. Aliondoka bondeni na shati jepesi linalomganda mgongoni kwa jasho, akafika huku juu kajifunga koti mpaka shingoni. Aliniambia kwamba njiani kuna kona moja ambapo joto linakoma ghafla na upepo wa baridi unaanza, na kila alipoipita alijiuliza ni nani wanaokaa pale mpakani. Kutokana na swali hilo aliandika vitabu vitatu ambavyo vimewatia watu hofu kutoka Laela mpaka Namanyere.

Alinijia mara ya kwanza nikiwa bado nafundisha Kiswahili sekondari. Akabisha hodi, akaniamkia "Shikamoo Mwalimu," ingawa hatukupishana sana umri, akaweka mezani madaftari manne. Ndani mlikuwa na majeshi mawili. Wa Baridi ni watu waliokufa wakasahauliwa. Wanakaa huku juu uwandani, wanatembea na upepo. Wa Joto hawajawahi kuzaliwa. Wanasubiri kule bondeni, katika mvuke wa ziwa. Wanapigana mlimani, na kila mtu aliye hai anayepanda au kushuka anapita katikati ya vita vyao. Hakuna upande ulio mwema. Na kila upande una sheria zake, ukurasa kwa ukurasa: Wa Joto hawawezi kutamka jina la mtu, Wa Baridi hawawezi kumgusa mtu aliyesalimiwa siku hiyo. Mimi nilichukua kalamu nyekundu nikaanza kusahihisha ngeli. Kazi ilikuwa nyingi, maana Kiswahili chake kilikuwa cha josho la ng'ombe na mnada, sentensi zinakimbia bila kupumua. Nilipomaliza nikamwambia, kwa sauti ya mwalimu, kwamba mizimu haihitaji katiba.

Akacheka. "Mwalimu, ng'ombe akifa ghafla mfugaji haogopi kifo chenyewe. Anaogopa kwa sababu anajua kuna kanuni iliyomuua, na yeye haijui. Nikiondoa sheria, hofu yote imekwisha."

Nilikuwa nimefundisha fasihi miaka mingi na sikuwahi kusema jambo zuri kama hilo. Nilimrudishia madaftari yake na chai sikumkaribisha.

Alivichapisha vitabu viwili vya kwanza mwenyewe, katika duka moja la vifaa vya shule hapa mjini, vikiwa vimebanwa kwa pini na jalada la rangi ya chungwa. Sasa mnajua jinsi sisi wa huku tunavyotaniwa. Ukijitambulisha ugenini kwamba unatoka Sumbawanga, mtu anarudisha mkono wake nyuma, anacheka, anakuomba usimroge. Sisi tulioandika tulikwepa jambo hilo kabisa, au tuliliandikia kwa hasira. Mimi mwenyewe nimeandika safu sijui ngapi nikiwasihi watu waache kuwanyooshea vidole vikongwe. Nilitumia maneno mazito, haki, utu, dhamira. Yeye aliandika vitabu vya kutisha ambamo binadamu hana uchawi wowote. Kuna siku nilimsikia Laela, pale yanaposimama mabasi, alipokuwa akiuza kitabu cha pili. Mwanamume mmoja akamuuliza kwa sauti kubwa, "Mzee, mimi nina jirani, bibi kizee, macho mekundu. Huyo si ndiye Wa Baridi?"

"Katika vitabu vyangu hakuna mtu hai mwenye nguvu hizo," akajibu. "Yale macho ni moshi wa kuni. Na kama unawaogopa Wa Baridi, umeshamsalimu huyo bibi leo? Maana asiposalimiwa yeye, wanaanza kwake, halafu wanaingia kwa jirani."

Watu walicheka. Lakini miezi michache baadaye nilipita tena Laela nikamwona bibi mmoja, ambaye zamani watu walivuka barabara kumkwepa, amekaa kibarazani kwake akipukuchua mahindi. Wanafunzi walikuwa wanatoka shule. Mmoja baada ya mwingine walisimama, "Shikamoo bibi," "Shikamoo bibi," na yeye akawa anaitikia marahaba mpaka sauti inamkauka, anacheka kwa mdomo usio na meno. Wengine walifanya kwa hofu tu, sikatai. Lakini walisalimu. Nilibaki nimesimama na begi langu nikitafuta moyoni furaha niliyopaswa kuwa nayo. Nilichokipata ni hesabu ya safu zangu zote, na hakuna hata moja iliyompatia bibi yule shikamoo.

Ndipo ilipokuja barua. Mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam alikuwa ameviona vitabu vile na akataka kuvitoa upya, vienee nchi nzima. Kwa kuwa mimi najulikana kama mtu wa lugha wa huku, aliniomba maoni. Nilimwandikia kurasa mbili. Nilitaja ngeli, nilitaja sentensi zisizopumua, na mwisho nikaandika kwamba mwandishi ametupa majeshi mawili na sheria zao zote lakini mwenyewe hajui wanagombania nini, na asiyejua sababu ya vita asiandike vita. Kila sentensi ilikuwa na ukweli ndani yake, na barua nzima ilikuwa uongo, kwa sababu nilikuwa nimevisoma vitabu vile kwa pumzi moja na sikusema. Mchapishaji akajitoa. Nililala vizuri tu, na hilo ndilo linalonitisha ninapolikumbuka.

Baada ya muda kikatoka kitabu cha tatu, chenye jalada lile lile la chungwa. Humo tunaambiwa hatimaye kwa nini wanapigana. Wa Baridi wanawaonea wivu Wa Joto kwa kuwa hawajawahi kupoteza kitu. Wa Joto wanawaonea wivu Wa Baridi kwa kuwa waliwahi kuwa na kitu cha kupoteza. Wala hakuna upande unaojua kwamba unaonewa wivu. Nilifunga kitabu. Hakuna nilichoandika maishani kinachofika hapo.

Mwaka huu nilisikia anaumwa figo na amehamia kwake Izia, hapa mjini. Nilikwenda alasiri moja. Mke wake alinikaribisha vizuri, akanitolea kiti nje, karibu na kitanda cha kamba cha mumewe, mahali alipokuwa akiota jua. Alikuwa amekonda, koti limekuwa kubwa. Sikujua nianzie wapi, nikaanza na barua. Nikamwambia mimi ndiye niliyemzibia njia Dar es Salaam.

"Najua," akasema. "Yule bwana alinitumia barua yako yote, nijirekebishe."

"Ukanyamaza miaka yote hiyo?"

"Nilikasirika, Mwalimu. Usinifanye mtakatifu. Nikikuona mjini nilikuwa napita njia nyingine. Lakini lile swali lako lilinikaa. Nachanja ng'ombe, najiuliza, hivi wanagombania nini? Siku moja nikaitoa tena ile barua nikaisoma taratibu. Nikaona mtu huyu hanichukii. Anakitaka nilicho nacho. Na mimi nilikuwa nakitaka Kiswahili chako tangu siku ile ya kalamu nyekundu, nilikuwa nakisoma gazetini mpaka roho inaniuma. Nikasema, basi ndiyo hivi. Hawa wangu nao wako hivi."

Akaniangalia kwa huruma, na huruma hiyo ilinichoma kuliko hasira ambayo ningeistahili. "Ungesema tu siku ile ya kwanza," akaongeza. "Wewe una lugha, mimi nina hawa viumbe. Tungeandika wote wawili."

Tulimzika Alhamisi, Izia, upepo ukivuma. Wafugaji walipanda kutoka Mtowisa, wakatetemeka kwa baridi mpaka mwisho. Mimi nilisimama nyuma yao, na hata pale kaburini niliuona wivu wangu ukiwa hai, unahesabu waombolezaji. Sidhani utaniacha, na sitawadanganya kwamba nimepona. Ninachojua sasa ni kwamba alikuwa nao na yeye, dhidi yangu, na kwamba yeye aliukisia wangu, mimi wake sikuukisia. Kama kuna mtu ambaye kazi yake inakuuma kwa uzuri wake, mwendee angali anaweza kukujibu, umwambie hivyo hivyo ilivyo, kwamba ni nzuri na inakuuma. Mimi nilikuwa na miaka ya kumwambia, nikatumia alasiri moja tu.