Boti Iliyopwelewa kwa Maneno Yangu

Shule niliiacha darasa la nne, na sioni aibu kulisema. Nilianza na baiskeli, kaa hai nimewafunga nyuma, kutoka Nyamisati hadi Kibiti. Leo nina boti nne za injini zinazoingia delta, kule mto unakogawanyika kabla ya bahari, na manahodha wangu nikisema ondokeni, hakuna anayeuliza kwa nini. Hilo nilijivunia sana. Ndilo lililoniponza.

Simu za wateja ziliponizidi, binti wa mwalimu mmoja wa bara, aliyesomea kompyuta Dar, alinitengenezea msaidizi wa akili bandia. Mteja anaandika ujumbe, msaidizi anaupokea, halafu anamtumia nahodha amri kwa jina langu. Binti akanieleza kwamba kila kazi anayopewa msaidizi inaitwa zana, na kila zana huandikiwa maelezo: inafanya nini, inataka kujua nini kwanza, na wakati gani isiguswe.

"Mzee, hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka," alisema.

"Boti zangu hazina wakati wa kutoguswa, mwanangu. Andika: mtu akitaka boti, itumwe mara moja."

"Na maji ataangalia nani?"

"Aa! Maji nani asiyeyajua?"

Kwetu mtu akishakusalimia, kabla hajauliza habari za watoto, anauliza maji yakoje, yamejaa au yamepwa. Sasa jambo linalojulikana na kila mtu nimwandikie nani? Binti akaandika nilivyotaka, ila uso ulikataa.

Basi siku moja, siku za bamvu, maji yanapojaa sana na kupwa sana, dada yangu mkubwa, anayekaa kijiji cha ndani ya delta, alichomwa na mwiba wa taa, yule samaki bapa. Huyu ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Mguu ukavimba mpaka gotini. Shemeji, mumewe, akaandika kwenye namba ya biashara: mgonjwa, boti haraka. Msaidizi hakuchelewa. Alifuata maelezo yangu neno kwa neno. Mimi nilikuwa Mtunda, kwenye mikorosho yangu, nikapigiwa simu na nahodha.

"Bosi, tumepwelewa."

"Na nani?"

"Na dada yako. Tuko katikati ya tope, maji yote yamekimbia."

"Miaka yote hiyo majini, hukuona yanapwa?"

"Niliona."

"Sasa?"

"Amri ilikuwa yako, bosi. Tangu lini unaulizwa?"

Nilipanda pikipiki mpaka Nyamisati. Nikaenda ncha ya gati, nikarudi, nikaenda tena. Tope lile ukikanyaga linakumeza hadi mapajani, mgonjwa habebwi. Mama muuza samaki akaniambia, "Baba, kaa chini, utatoboa saruji." Sikukaa. Nikampigia dada.

"Unaendeleaje, dada?"

"Nimeanikwa kama pweza. Mdogo wangu, huyo mtumishi wako mpya hana macho?"

"Hana, dada."

"Ungemwambia basi." Halafu akaguna kwa maumivu, simu ikachukuliwa na nahodha. Mimi, mtu wa boti nne, nilikuwa nayatazama maji na sina la kuyaamuru.

Maji yalirudi alasiri. Dada alifikishwa hospitali, mguu ukaokolewa, lakini mpaka leo anachechemea. Daktari alisema tumechelewa, na mimi najua tulichelewa wapi: nahodha angeulizwa kwanza, ningejua mapema, nikatafuta njia nyingine.

Nikamwita binti. Safari hii niliandika mwenyewe, kwa kalamu, nikifuta na kurudia siku tatu: "Zana hii inaita boti. Usiitumie kabla hujauliza maji yakoje pale mteja alipo, na kabla nahodha hajajibu kwamba njia inapitika. Nahodha akisema hapana, ni hapana, hata amri ikiwa yangu. Kukiwa na mgonjwa na maji yamepwa, usikae kimya, nipigie simu." Binti alisoma mara mbili, akasema kuna wasomi wasioweza kuandika hivi. Nilimwamini, kwa nini nisimwamini?

Nikampelekea dada nimsomee. Alikuwa kibarazani, mguu juu ya kigoda, chai iko tayari. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri. Na ule mkoko ulioanguka pale mdomoni mwa mto?"

"Umefanyaje?"

"Maji yakipwa unauona, unaukwepa. Yakijaa unafunikwa, ndipo unapopasua boti. Huyo wako ataambiwa maji yamejaa, atafurahi, atawatuma. Umeuandika?"

Sikuwa nimeuandika. Nikasimama, nikaanza kulitafuta jina la binti kwenye simu.

"Kaa unywe chai, we mtu!"

"Boti ya saa saba inapita hapo hapo kwenye mkoko, dada, na maji yanajaa," nikamwambia, na viatu nilivivalia njiani.