Tajiri Aliyesubiri Nje

Mvumo wa mtungi wa gesi ndio ulionishtua. Mama alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti kutoka Buseresere, akisimulia kwa furaha jinsi Samweli, mtoto wa mdogo wangu anayefanya kazi Kahama, anavyotulia mapajani mwa bibi yake wakati bibi yuko kazini. Nyuma ya maneno hayo niliusikia moto ukivuma juu ya chuma, na mtoto akicheka. Nilikuwa nimetoka muda huo huo kwenye mhadhara wa shahada ya uzamili uliohusu zebaki. Nikakaa sakafuni.

Niruhusuni nieleze kwa mpangilio, maana hasira yangu ikikosa mpangilio haitanisaidia.

Mama alikuwa mchoma dhahabu. Wachimbaji wadogo walimletea madonge ya kijivu, dhahabu iliyoshikwa na zebaki, naye aliyachoma kwenye kijiko kirefu cha chuma mpaka zebaki yote ipae, ibaki dhahabu peke yake. Mwanzoni alipanga kibanda karibu na mitambo ya kusaga mawe. Baba alipofariki, akaihamishia kazi jikoni kwetu. "Sina bosi, silipi pango, na wanangu nawaona," aliwaambia majirani, nao wakamwonea wivu. Sikatai kwamba ilikuwa kweli. Tulikula ugali wa moto mchana, jambo ambalo watoto wengi wa pale hawakulijua. Tukirudi kutoka shuleni tulimkuta. Nikiugua, alinitandikia mkeka kando yake, nikalala nikimtazama akifanya kazi.

Majirani hawakuona kwamba nyumba yetu haikuwa tena nyumba. Wateja waliingia tukiwa tunakula, tunaoga, tunasali.

"Mama Neema, choma taratibu, hilo ni mahari ya watu!" alipiga kelele mchimbaji mmoja.

"Kwa kidonge hiki? Labda wakupe shemeji wa kukusindikiza mlangoni tu," akajibu mama, na jiko zima likacheka.

Tulicheka mlango ukiwa umefungwa na dirisha limefungwa, kwa sababu hakuna mteja anayependa dhahabu yake ionwe na wapita njia. Moshi wenyewe ulikuwa mwembamba, usio na harufu. "Ungekuwa mbaya, si ungenuka?" mama alituambia, nasi tuliona hoja hiyo haina kasoro.

Mtu mmoja tu hakuingia. Alikuwa mnunuzi kutoka Geita mjini, ambaye kila mtu alimwita Tajiri, na ndiye pia aliyewauzia wachimbaji zebaki. Alivua kofia, akasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, kisha, akisikia kazi inaendelea ndani, alirudi nyuma hadi langoni. "Maliza kwanza, mayu. Mimi nitasubiri huku, nisikusumbue." Mvua ikinyesha, alisubiri ndani ya gari lake.

Mama alimsifu mbele yetu: tazameni mwanamume mwenye adabu, haingii ovyo jikoni kwa mjane. Mimi nilimpelekea kiti na maji ya kunywa. Nilitamani, Mungu anisamehe, angekuwa baba yetu.

Katika mhadhara ule mwalimu alieleza, bila hata kupandisha sauti, kwamba mvuke wa zebaki hujaa chumbani, huganda ukutani na nguoni, huingia mwilini kwa pumzi, na huwaumiza zaidi watoto. Kisha akaongeza kwamba wafanyabiashara wanaoufahamu husubiri nje. Wenzangu waliendelea kuandika. Kalamu yangu ilisimama.

Alijua. Kila mara aliporudi nyuma kwa heshima zake zote, alijua, nasi tukiwa ndani. Sentensi moja ingetosha. Angemwambia mama, "Mayu, watoe hawa watoto," na mama angetutoa, kwa sababu ni sisi aliotufuata alipoacha kile kibanda. Lakini mama angeuliza maswali, pengine angeacha kuchoma, na Tajiri alihitaji dhahabu. Leo vidole vya mama vinatetemeka kiasi kwamba hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Anasema ni uzee, akiwa bado hana mvi.

Pale sakafuni nilianza kumwandikia mama. Ujumbe wa kwanza ulieleza mvuke. Wa pili ulimshukuru kwa malezi. Wa tatu ulijaribu yote mawili, ukasomeka kama wa mtu anayeomba kazi. Nikaufuta. Nikapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Mbona sauti hivyo, umekula?"

"Samweli yuko wapi?"

"Si huyu hapa, kasinzia. Kabaki mteja mmoja, namalizia."

"Zima moto, mama. Mchukue mtoto mtoke nje. Sasa hivi. Nitakueleza mkishatoka."

Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajawahi kuamriwa na mtoto wake mwenyewe.

"Neema. Unanifokea mimi, mama yako?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ninakufokea."