Vitambaa Vyekundu Njia Nzima

Mimi ni mtoto wa mjini, Mpendae, na shamba nnakwenda siku ya harusi tu. Lakini kikundi chetu cha mazoezi kilipotafuta kiongozi wa mbio za mashambani, mkono wangu ulikuwa wa kwanza kunyanyuka. "Njia za nyuma ya Paje? Mimi ndiye mwenyewe!" Mwenyekiti wetu, Bi Salma, akaniamini.

Siku moja kabla ya mbio nilikwenda kufunga vitambaa vyekundu kwenye miti ili tusipotee. Asubuhi tukaanza mbio kupitia mashamba ya mihogo, na kila penye kitambaa nikajigamba, "Hicho nimekifunga mwenyewe!" Tulipopanda kilima vitambaa vikazidi kuwa vingi. Nilishangaa kidogo, sikujijua kuwa hodari namna ile, lakini sikupunguza mwendo.

Njia ikatufikisha kwenye mlango wa pango. Vitambaa vinaning'inia tele, udi unafuka, bibi mmoja anafagia. Masikini mimi, tumefika mzimuni, mahali watu wanapofunga vitambaa vya nadhiri.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba. Nani kakuleteni huku?"

Bi Salma akaniwahi, kwa fahari kabisa. "Huyu hapa. Vitambaa vyote hivi kafunga yeye!"

Bibi akanyoosha ufagio kwenye kitambaa kimoja kilichopauka mpaka kuwa cheupe. "Hata kile?"

Kikundi kizima kikanigeukia. Jamani, nikaitikia kwa kichwa.

"Basi shikamoo, babu," akasema bibi, "maana kile mimi nimekikuta hapa tangu naletwa mgongoni."